Bei ya Masaki Ilipangwa Lini?

Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, una mvua lakini hauna maji. Mvua inatosha kustawisha mikorosho na mihogo, ila mchanga huimeza, kisha maji huibukia chini kabisa, kwenye miteremko na mabonde. Waliopanda juu zamani walikuwa wakikimbia wavamizi na watekaji wa watumwa. Walipata usalama, gharama yake ikawa kushuka na kupanda mteremko kila siku kutafuta maji. Wamisionari Wabenediktini walifanya hesabu nyingine. Vita vya Maji Maji vilipoteketeza misheni yao ya Lukuledi mwaka 1905, mwaka uliofuata walianza upya Ndanda, chini ya uwanda, penye chemchemi. Huko abasia, hospitali na shule vyote vilijengwa kwa kufuata maji. Mtu wa Newala au Ndanda akiulizwa kwa nini kiwanja hiki kinathaminiwa kuliko kile, sababu yake unaweza kuigusa kwa mkono. Kuhusu Masaki na Oysterbay, ambako kwa miaka mingi nyumba zilipangishwa kwa dola ya Marekani na ghorofa za kifahari zinaota palipokuwa na nyumba moja moja, jibu lililozoeleka Dar es Salaam ni kwamba watu wanalipia bahari. Jibu hilo ni la juujuu. Historia inaonyesha kwamba bei ya Masaki iliandikwa na serikali, kwa sheria na ramani, miongo kadhaa kabla ya dalali wa kwanza kuitangaza.

Ushahidi wa kwanza ni wa mwaka 1891. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao, walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya majengo: sehemu ya bandarini upande wa mashariki iwe ya majengo ya Kizungu, nyingine ya majengo ya kudumu ya biashara, na iliyobaki ya vibanda vya udongo na makuti. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 wakaupa mgawanyo huo sura ya kanda tatu rasmi. Kanuni hizo hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja ukuta na paa, lakini kila aliyeishi mjini alijua maana yake, ndiyo sababu mitaa ikaitwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa Uhindini na Uzunguni. Mji ulipokua, Uzunguni ukasogezwa kaskazini kufuata pwani, na Oysterbay ikapimwa. Ramani kuu ya mwaka 1949, iliyotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb na washirika wake, ikaweka maneno ya kitaalamu mahali pa majina yale ya mitaani: ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Majina yalibadilika, watu wakabaki walewale.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika ujazo mdogo nyumba moja ya ofisa ilipewa uwanja ambao Kariakoo ungejengwa nyumba nyingi zenye vyumba vya kupangisha. Kilichogawiwa Uzunguni kilikuwa nafasi tupu: bustani, miti, umbali kati ya jirani na jirani. Bomba la maji, umeme na lami vilifika hapo vikiwa vimekusudiwa watu wachache, kwa hiyo vikawatosha. Mkulima wa uwandani anajua thamani ya shamba lililolazwa kwa miaka. Anayeliamsha huvuna nguvu ambayo hakuiweka yeye. Mjenzi wa ghorofa anayebomoa nyumba ya kikoloni Oysterbay na kupandisha makazi ya familia nyingi juu ya kiwanja hicho kimoja anavuna vivyo hivyo. Nafasi anayoiuza kwa mita za mraba ilihifadhiwa na sheria iliyowazuia wengine wasijenge hapo.

Atakayetetea bahari namwomba asimame ufukweni karibu na Ikulu na kuangalia ng'ambo. Kigamboni ina bahari ileile, upepo uleule, mchanga mweupe kuliko wa rasi ya Msasani ilipo Masaki, na iko jirani na kitovu cha mji kuliko huko. Hata hivyo karne nzima ilibaki nchi ya mashamba ya minazi na vijiji vya wavuvi, na aliyeishi huko alisubiri pantoni. Daraja lilifunguliwa mwaka 2016 tu, na viwanja vyake vikazidi kugombewa. Bahari haikubadilika mwaka ule.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka upande wa uhuru na ujamaa. Inasemwa kwamba mnyororo kati ya ramani ya mkoloni na bei ya leo ulikatwa: Nyerere alikwisha kupinga uuzaji wa ardhi mwaka 1958 katika kijitabu chake Mali ya Taifa, umilikaji wa kudumu ukageuzwa kuwa wa muda maalumu mwaka 1963, Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 sheria ikatwaa majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililokuwa na zaidi ya miaka kumi mwenyewe hakulipwa kitu. Maghorofa ya familia za Kihindi katikati ya mji yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Yote hayo ni kweli, na nia yake naiheshimu, kwa kuwa serikali ileile, kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962, ilivunja vibanda vya makuti na kujenga nyumba za bei nafuu Magomeni na kwingineko. Lakini hatua hizo zilibadili wapangaji na wenye mali, hazikugusa ukubwa wa viwanja. Nyumba za Oysterbay zilibaki za serikali. Ofisa wa Kiingereza alitoka, akaingia ofisa mwandamizi wa Kitanzania pamoja na mabalozi na wataalamu wa kigeni. Ramani za 1968 na 1979 zilichorwa na kampuni za Kanada, na ujazo mdogo ukabaki ujazo mdogo. Aliyetoka Masasi kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam aliendelea kufikia Uswahilini, kama baba yake. Ujamaa uliitunza nafasi ya Uzunguni bila kuuzwa kwa miaka 30, na soko liliporudi likaikuta nzima.

Na soko lilirudi kwa hatua zinazoweza kutajwa mwaka kwa mwaka. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwafungulia viongozi mlango wa kumiliki nyumba za kupangisha. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka taratibu mpya za milki, na marekebisho ya mwaka 2004 yakaruhusu kuuza hata ardhi ambayo haijaendelezwa, jambo ambalo kabla yake halikukubalika rasmi. Kati ya hatua hizo mbili, kuanzia mwaka 2002, serikali iliwauzia watumishi wake nyumba zake, zikiwemo za Oysterbay na Masaki. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda. Uuzaji ule ulipingwa bungeni na magazetini, na waliopinga walikuwa na haki. Watetezi wake walisema nyumba zilikuwa zimechakaa na mtumishi anastahili kuwa na makao yake. Sababu hizo zingetosha kama kilichouzwa kingekuwa kuta. Kilichohamishwa hasa ni kiwanja, na thamani yake ilikuwa imelimbikizwa na umma tangu enzi ya mkoloni. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ikakamilisha kazi: ghorofa moja sasa liliweza kuwa na hati nyingi, kila familia na yake, na benki ikakubali kila hati kama dhamana.

Lipo pingamizi moja linalotoka kusini kwenyewe, na hilo silipuuzi. Mtwara nayo ilichorwa na mkono uleule. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, Waingereza walipima mji mpya wa bandari wenye barabara pana na viwanja vikubwa vya maofisa Shangani, kando ya bahari. Kama kalamu ndiyo inayoumba bei, kwa nini Shangani haikuwa Masaki? Kwa sababu fedha hazikuja. Mradi wa karanga ulifutwa mwaka 1951, na reli iliyotoka bandarini kwenda bara iling'olewa baada ya uhuru. Nakiri basi kwamba sheria peke yake haijengi ghorofa. Lakini angalia kilichotokea fununu za gesi zilipoenea baada ya mwaka 2010: waliokimbilia Mtwara kutafuta viwanja vya maana walielekea Shangani, mahali palepale palipotengwa na ramani ya mkoloni miaka 60 kabla. Fedha huamua siku ya kupanda kwa bei. Ramani ilikwisha kuamua itapanda wapi na nani atakuwa ameketi hapo siku hiyo.

Jambo hili halihusu Dar es Salaam peke yake. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, Masasi, Newala na Tandahimba hujaa matofali na bati jipya, na Ndanda inazidi kurefuka kando ya barabara ya Mtwara hadi Masasi. Viwanja vinapimwa, na maneno yaleyale ya 1949, ujazo mdogo na ujazo mkubwa, yanaandikwa kwenye ramani za halmashauri kana kwamba hayana historia. Madiwani na wapima ardhi wa wilaya hizi bado wana nafasi ambayo wenzao wa Dar es Salaam waliipoteza. Waiandike sasa, kabla kiwanja cha kwanza hakijatangazwa, orodha ya ardhi ambayo haitauzwa kwa mtu yeyote, na waanze na chemchemi za mteremko.