Usafirishaji wa lipidi katika seli za mimea

Uhamishaji wa molekuli za mafuta kutoka utando zinapoundwa hadi utando unaozihitaji ndani ya seli. Lipidi haziyeyuki majini, nayo seli imejaa maji, kwa hiyo lazima zibebwe.

Katika jani la chai la Kebirigo au Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, tando zinazonasa mwanga ndani ya kloroplasti zimejengwa hasa kwa galaktolipidi, yaani lipidi zenye kichwa cha sukari badala ya fosfati. Asidi za mafuta zenye kaboni 16 na 18 huundwa humohumo kwenye kloroplasti. Ajabu ni kwamba nyingi hutolewa nje hadi retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, hurekebishwa huko, kisha sehemu yake hurejeshwa zilikotoka. Mnjegere hutegemea mzunguko huu karibu kabisa kwa galaktolipidi zake. Spinachi ina pia njia fupi ya ndani.

Vifuko vidogo hubeba lipidi kutoka retikulamu hadi kifaa cha Golgi, kingine cha tando ndani ya seli. Kwa kloroplasti, tando mbili husogeleana bila kuungana, na protini huvusha lipidi. Mwaka 2003 kikundi cha Christoph Benning huko Michigan State University, Marekani, kilieleza protini ya TGD1 katika gugu linalotumiwa sana maabara, Arabidopsis thaliana. Pamoja na TGD2 na TGD3, hiyo ni pampu ya utando wa ndani wa kloroplasti. TGD4 hukaa utando wa nje. Lipidi hasa inayopita hapo bado inabishaniwa.

Kwa wakulima wa Gusii, eneo lenye Nyamira, linalogusa shamba zaidi ni fosforasi. Udongo mwekundu wenye asidi wa nyanda hizi za juu huishika kwa chuma na aluminiamu, na mahindi yakiikosa majani hugeuka zambarau. Mmea wenye njaa hiyo huvunja fosfolipidi zake ili kuokoa fosfati, kisha galaktolipidi kutoka kloroplasti huhamia utando wa nje wa seli na mitokondria kuziba pengo.

Majani ya chai yakinyaushwa na kusagwa kiwandani, tando hupasuka na vimeng'enya hukata asidi ya linoleniki, mojawapo ya asidi za mafuta za tando hizo, kuwa heksenali, yenye harufu ya majani mabichi. Mtafiti P. Okinda Owuor na wenzake walionyesha kwa chai ya Kenya kuwa naitrojeni ikizidi, asidi za mafuta huongezeka jani­ni, na ladha ya chai hushuka.