Mto, Manowari na Wapagazi

Msafiri wa nauli ndogo atokaye Kilwa kwa basi huvuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Upande wa bahari, katika mikono ya mto huo yenye mikoko, ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 iliivamia Pegasus ya Waingereza, iliyotia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Mabaharia 38 walikufa. Kaburi la baadhi yao liko Chapwani, na mabaki ya chombo hushukiwa na wapiga mbizi wazoefu.

Königsberg nayo iliangamia Rufiji, Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikakokotwa nchi kavu kwa mabega ya wapagazi. Hao, mshairi gani aliwatungia?