Magugu hayafuti haki ya shamba



Tangu meli za HCR zilipoanza kutushusha Baraka kutoka Kigoma mwaka 2005, wengi wetu tulikuta jambo moja: pori. Pale tulipoacha mihogo, nyasi zilikuwa zimepita kichwa cha mtu. Na kuna waliotuambia: « Hapa hapana mwenyewe, angalia majani. » Hilo neno si la jana. Liko na historia yake, na inafaa kila memba aijue mbele ya kwenda kwa chefu ao kwenye biro ya ardhi.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa na mtu ni ya Leta. Lakini wazee wetu walilimaje? Walilima miaka miwili ao mitatu, kisha wakaacha udongo upumzike miaka mingi, halafu wakarudi palepale. Mzungu alipopita, aliona majani tu, akaandika kwamba ni bure. Kumbe lile lilikuwa shamba limelala.

Kisha ikaja kilimo cha lazima. Amri ya 1917 ilianza kulazimisha watu kulima pamba na mazao mengine, na dekreti ya 1933 ikaweka siku 60 za kazi kwa mwaka. Hapo shamba chafu likawa kosa: mtu angeweza kutozwa faini ao kufungwa. Angalieni basi: majani yaleyale yaliyomnyang'anya mtu ardhi sasa yalimpeleka kwenye kifungo.

Miaka ya 1950, Leta nayo ilipata gugu lake. Ni lile gugu-maji lenye maua mazuri, lililotoka Amerika ya Kusini. Lilitanda juu ya mto Kongo, mashua zikakwama, wavuvi wakakosa njia. Wabeleji walikataza watu kuliweka na kulisafirisha, wakapuliza dawa ya 2,4-D kutoka kwenye mashua, wakatumia pesa nyingi sana. Gugu halikuisha, mpaka leo linaelea pale Kinshasa. Lakini sikilizeni vizuri: hakuna hata mtu mmoja aliyesema kwamba sababu mto umejaa majani, basi hauna mwenyewe. Neno hilo liliwekwa kwa mashamba ya raia tu.

Wakati wa Mobutu tulikuwa na salongo: kila mtu na jembe lake, kufyeka barabara bila malipo. Na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Leta, na anayepewa konsesio lazima aitumikishe, la sivyo anaweza kunyang'anywa. Kwa ardhi za vijiji, sheria ileile iliahidi ordonansi ya Rais. Miaka na miaka ikapita, ordonansi hiyo tukaingojea bure.

Ndiyo maana sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inatuhusu sana. Yenyewe inatambua haki za kimila za jamii juu ya ardhi zao, na inataja wazi kwamba ndani ya ardhi hizo kuna mashamba, malisho na pia jachère, ni kusema udongo unaopumzika. Kwa hiyo mtu akikuambia « ni pori tu », mjibu kwa upole: jachère iko ndani ya sheria.

Lakini tusidanganyane: karatasi peke yake haifyeki. Zile nyasi zenye mizizi mikali kama sindano haziogopi moto. Moto unakula kichwa, mizizi inabaki chini, na kisha mvua ya kwanza zinarudi na nguvu. Tena moto unavuka kwa jirani na kuleta kesi. Dawa yake ni jembe: kuchimba mizizi, kuianika juani, kisha kupanda maharagi ao viazi vitamu vifunike udongo upesi. Kazi hiyo inamshinda mtu mmoja, zaidi sana mjane ao mzee. Kwa hiyo tunapendekeza likelemba ya jembe: kikundi cha watu kumi, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mbele ya kufyeka, tuite wazee na majirani wa mipaka yote. Michikichi na miembe iliyopandwa na baba zetu bado imesimama katikati ya pori. Hiyo ni mashahidi. Kama kuna mtu aliyelima pale wakati hatukuwepo, tusing'oe mihogo yake. Tumwache avune, tukubaliane siku, na tuandike mbele ya chefu wa kijiji, kila mmoja abaki na karatasi yake.