Karatasi ya Habari na Kumbukumbu za Vita

Filamu isiyo na maneno ni bubu. Mwaka 1948 kilifunguliwa huko Fort Worth, Marekani, kituo cha televisheni cha WBAP, cha kwanza katika jimbo la Texas. Filamu nyingi za habari za miaka ile hazikuwa na sauti. Msomaji aliisoma taarifa iliyopigwa taipu huku picha zikipita. Hivyo karatasi ile ndiyo itujulishayo leo ni nani aonekanaye, ni wapi, na ni siku gani. Chuo Kikuu cha North Texas kimezihifadhi karatasi hizo pamoja na filamu zake.

Chuo hicho pia kimerekodi masimulizi ya askari wa Vita Vikuu vya Pili, wakiwemo wa kikosi cha Texas waliotekwa na Wajapani kisiwani Java mwaka 1942, wakatumikishwa kujenga reli ya Burma.

Jina la Burma si geni kwetu. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya na Tanganyika walipigana huko katika bonde la Kabaw, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zao za jeshini. Wengi wao wamekwisha kufariki, na masimulizi yao wamekwenda nayo kaburini.

Ndugu walimu, yaliyobaki ni barua, picha na hadithi walizoachiwa watoto wao. Tuziandike, na juu ya kila moja tutie jina, mahali na tarehe, kisha tuzikabidhi kwa watunza nyaraka. Akiba haiozi.