Dagaa wa Ujiji na Taa ya Mvuvi

Wasikilizaji wetu, watu wengi wakisikia jina la Ujiji hukumbuka mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone. Sisi twataka kusema habari za kiumbe aliyewalisha watu wa pwani ile kabla ya wageni hao, naye ni dagaa.

Dagaa wa Tanganyika si mtoto wa samaki mwingine, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Ni samaki kamili, wa aina mbili, wa ukoo mmoja na sardini wa baharini. Mchana hukaa kilindini akimkimbia adui yake, mgebuka. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula.

Hapo ndipo mvuvi wa kale alipomtegea. Usiku wa giza aliwasha kuni mtumbwini, dagaa wakakusanyika penye nuru, naye akawachota kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Mwezi ulipokuwa mpevu alikaa nyumbani, maana mwezi hutawanya dagaa, na moto wa binadamu hauna nguvu mbele yake.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Burton akaandika habari za soko lile na samaki wake. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa waliokaushwa mchangani walipata njia ya upesi kwenda Tabora, hata Dar es Salaam. Mchanga nao ulisafiri bila nauli, na wapishi wanaujua!

Katika miaka ya 1950 yakaja mageuzi makubwa: taa ya karabai, na wavu mpana ulioshushwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, kisha ukainuliwa na samaki wake. Lusenga haikuweza kushindana nao. Siku hizi taa za umeme zawaka ziwani.

Walakini ziwa halikukua kwa kuongezeka taa. Chakula cha dagaa hutegemea upepo wa kusi, uvumao tangu Mei hata Septemba, ukivuruga maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba ziwa limezidi joto. Na maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki upesi na yale baridi ya chini.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Kwa mwenye deni la wavu, miezi mitatu ni mirefu mno, wala hatumlaumu akinung'unika. Lakini dagaa huishi yapata mwaka mmoja tu. Wazazi wa msimu huu wakivuliwa wote, hapana wakubwa wengine waliosalia kilindini wa kuzaa badala yao.