Mbwa wa Nywele za Kipilipili: Mchane Kabla ya Maji

Niko Sotik kikazi, huku kwenye baridi na majani chai, na mwenye nyumba wangu amesafiri akaniachia mbwa wake. Ni chotara wa pudeli, wale mbwa wa Ulaya wenye manyoya ya kujikunja kama nywele za kipilipili.

Wenzangu wa Mombasa waliposikia, simu zikaanza: "Ustadhi, na udhu je?" Suali lina haki yake. Wengi wetu Pwani ni Mashafii, na kwetu unyevu wa mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Lakini kikavu kugusana na kikavu hakunajisi. Na kumbe kazi kubwa ya mbwa huyu ni ya ukavu.

Manyoya yake hayapukutiki ovyo sakafuni. Yanayong'oka hunaswa ndani ya yale yanayoota, yakajisokota mafundo. Tope na mvua za huku huzidisha. Fundo likifika kwenye ngozi huivuta kila akitembea, hewa haipiti, na kidonda huota chini huku juu mbwa apendeza.

Mimi nilianza kinyume. Nilimwosha kwanza, mafundo yakakaza kama kamba ya usumba. Nikashika mkasi, nikamkata ngozi ya kwapani, maana fundo huwa limeivuta ngozi ndani yake na huioni. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi mbili, kisha akanifunza.

Tumia brashi ya meno ya waya na kitana cha chuma. Gawa manyoya kwa mkono hadi uione ngozi, kama mama amsukapo bintiye, uchane safu moja baada ya nyingine. Anza nchani, ushuke taratibu hadi shinani. Ukipiga brashi juu juu tu umejidanganya. Kagua sana nyuma ya masikio, kwapani, mapajani na chini ya ukanda wa shingo. Humo ndimo mafundo na kupe hujificha. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia, muulize daktari. Fundo lililokataa kufunguka, linyoe kwa mashine, na uiguse mashine mara kwa mara, kwani wembe wake hupata moto ukaunguza. Dakika kumi kila baada ya siku mbili zatosha.

Kitana kikipita bila kukwama, ndipo maji. Yawe ya vuguvugu, na shampuu iwe ya mbwa, si yako. Suuza hadi povu liishe, kisha umkaushe kwa taulo kwa kukandamiza; ukisugua, utasokota mafundo mapya. Kwa baridi ya Sotik simwogeshi jioni. Hapa navaa glavu ndefu na kanzu kuukuu isiyoingia msikitini, na ndoo ya udongo safi iko kando.

Kucha hukatwa ncha tu, kidogo kidogo, kwa sababu ndani mna nyama yenye damu, na kwa kucha nyeusi huioni.

Mwenye nyumba nilimpigia nikamweleza habari ya kwapa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kucha nimeshazikata. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi hizo ningoje mimi."