Usonji: ukiwa Tarime au Serengeti uanzie wapi?

Wadau, huku kwetu mtoto akichelewa kuongea, hamtazami mtu usoni, kutwa anazungusha kifuniko cha chupa, watu wanasema karogwa. Kisha anafungiwa ndani. Jamani, inaweza kuwa usonji, yaani ubongo umekua kwa namna yake tangu mwanzo. Hauambukizi, wala hauletwi na chanjo au malezi mabaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao mwaka 2021, kwa hiyo msiseme ni mambo ya Ulaya.

Dawa ya kuuondoa hakuna, ila mtoto anafundishika, na akianza mapema ndiyo nafuu. Anzia hospitali ya wilaya. Apimwe na masikio, maana wengine shida yao ni kutosikia tu. Omba barua ya rufaa kwenda Musoma, au Bugando kule Mwanza. Nauli inauma, najua.

Shule? Mwone Afisa Elimu Maalum na Afisa Ustawi wa Jamii pale halmashauri. Serengeti ni Mugumu. Tarime zipo mbili, ya Mji na ya Wilaya (hii iko Nyamwaga), usije ukazungushwa bure. Mwalimu akimkataa mtoto, mtajie Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kitengo cha usonji cha Msimbazi Mseto kiko mbali, Dar.

Uliye cafe sasa hivi, printi hii, umpelekee mama jirani asiyeingia mtandaoni.